Ua Lililonipigia Kampeni

Jumatatu, 3 Februari

Naapa kuandika kila kitu katika shajara hii, hata yale yatakayoniaibisha, ingawa sitarajii mengi ya aina hiyo. Mwalimu wa lugha anasema mwandishi mwaminifu hachagui la kusema. Sitachagua.

Habari yenyewe. Leo mstarini Mwalimu Mkuu ametangaza cheo kipya: Kiranja wa Mazingira. Kura zitapigwa mwezi ujao, shule nzima. Cheo hiki ni changu. Wenzangu hawajajulishwa tu.

Sababu yangu ni moja. Siku ya Wazazi, wazazi wa viranja huketi mbele, chini ya turubai, kwenye viti vyenye mito. Wengine hugombea mabenchi. Mama hupiga pasi kwa dobi mkubwa wa mjini, amesimama kutwa, na kila mwaka hufika amechelewa, mabenchi yamejaa. Basi husimama tena, nyuma kabisa, kando ya mapipa ya taka, akinipungia mkono kana kwamba hapo ndipo alipopachagua. Mwaka huu ataketi.

Mpinzani wangu ni msichana wa darasa letu tunayemwita Kamusi. Ukimuuliza saa ngapi, anakueleza saa inavyotengenezwa. Kila mwanafunzi ana tuta lake katika bustani ya shule, na Kamusi tuta lake amelijaza mimea ya kijivu yenye vimiiba, ungedhani imepandwa na mtu aliyefiwa. Alinieleza kwamba ni mimea ya asili ya hapa. Nikamjibu kwamba hata chawa ni wa asili ya hapa. Hakucheka. Hacheki kamwe, anaogopa kupoteza ukurasa.

Jumapili, 9 Februari

Shangazi ametutembelea. Yeye ni mpokeaji wageni katika hoteli kubwa, na huongea hata nasi kama watu waliokuja kuulizia chumba. Aliniletea zawadi kwenye mfuko: mmea wa bustani ya hoteli. Majani manene, marefu, na pembeni mwa kila jani vitoto vya mmea vimejipanga kama vifungo vya shati la askari. Ukiligusa jani, vinaanguka. Vikianguka, vinaota. Maua yake huning'inia kama kengele, rangi ya machungwa yaliyoiva. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii kikiwa hai.

Shangazi anasema mmea huu hautaki maji, hautaki mbolea, hautaki kuangaliwa. Mtunza bustani wa hoteli alimpa mfuko mzima kwa moyo mweupe, akamsindikiza nao hadi getini, na akamwomba sana asiurudishe. Watu wakarimu bado wapo.

Kaka, ambaye ni fundi baiskeli na huamini grisi ni aina ya elimu, aliutazama akasema mmea usiohitaji chochote ni kama mgeni asiyeuliza nauli ya kurudi. Nikamwambia ale anyamaze. Alikula. Hakunyamaza.

Jumatano, 19 Februari

Nimepata wazo, na nimelikagua pande zote kama Mama anavyokagua ukosi. Halina doa.

Mkono mtupu haulambwi. Wagombea wengine watatoa maneno. Mimi nitampa kila mpiga kura mche mmoja ndani ya kopo la mtindi, apeleke nyumbani. Vitoto vimeshaanguka vya kutosha shule mbili. Sebule imejaa makopo. Mama alirudi kazini, akavua viatu, akatafuta pa kuweka miguu, hakupaona. Akauliza kama bado tunaishi hapa au tumehamishwa. Nilimweleza mpango, ila sikumtajia viti. Hilo nataka alione mwenyewe.

Mche wa kwanza nimempa Mwalimu wa Sayansi, kwa heshima. Aliugeuza, akainusa mizizi, akatamka kwamba ni aina fulani ya mmea. Mtu amesoma hadi nywele zimepungua ili kufika hapo. Ameuweka dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya hotuba. Kamusi alitangulia. Alizungumza kuhusu udongo. Udongo tu, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Darasa la nyuma yetu walianza kusukana nywele.

Mimi nilisimama, nikainua ua moja lililochanua, nikasema: kura moja, ua moja. Basi. Wakashangilia.

Halafu Kamusi akanyoosha mkono. Aliuliza mmea huu umetoka wapi, na ni mdudu gani anayeula. Swali la kijicho, lakini nililijibu kwa adabu. Nilisema hakuna mdudu anayeula, wala mnyama, wala ugonjwa unaoupata, yaani hata wadudu wanauheshimu. Nilipigiwa makofi marefu kuliko ya hotuba yenyewe. Kamusi aliandika kitu kwenye kiganja chake. Atakuwa amekosa karatasi, maskini, kwa jinsi anavyoijaza.

Mtunza bustani wa shule alikuwapo pia, ameegemea toroli, akisema naam, naam. Huyu husema naam hata mlango ukigongwa na upepo. Kwenye uchaguzi wowote yuko upande wa kila mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshinda. Kamusi amepata kura zinazoweza kuketi kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

Beji ni ya kijani, ina pini inayouma kidogo. Kaka alisema ningeweza kushinda hata urais wa magugu. Ni wivu tu, yeye hajawahi kuvaa kitu chenye pini.

Mama aliipiga pasi sare yangu ambayo ilikuwa imeshapigwa pasi, akaibandika beji, akaibandua, akaibandika tena juu kidogo. Nikamwambia sasa habari ya viti. Aliisahau pasi juu ya sare mpaka nikahofia sketi. Kisha akauliza ile mito ni ya sponji au ya pamba. Nikasema sijui. Akasema haidhuru, yeye atakalia yoyote. Siku ya Wazazi ni tarehe thelathini na moja Mei. Ameizungushia duara kwenye kalenda ya dobi, ambayo kwa kawaida huandikwa siku za kurudisha mapazia ya watu tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Ua langu linapendwa kupita kiasi. Lazima niandike ukweli: kupita kiasi.

Mvua zimeanza, nalo limeota kwenye nyufa za ngazi za shule, juu ya ukuta, ndani ya kiatu kimoja kilichosahauliwa uwanjani, na kwenye mifereji ya paa la ofisi. Mifereji imeziba. Maji yakashuka ofisini, yakapitia faili za Mwalimu Mkuu, yakamalizikia kwenye chai yake. Kwa Kaka limeota kwenye siti ya baiskeli ya mteja. Mteja aliuliza kama atalipia na bustani. Fundi bomba wa mtaani ametoa shada zima kwenye bomba la mama mmoja jirani.

Watu hawajui jina lake, kwa hiyo wanaliita kiranja. Nilipita sokoni nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake: "Shoga, kwangu kiranja kimeingia mpaka chooni." Mwenzake akajibu kwamba afadhali chooni, kwake kiko juu ya bati, na kila akikitupa chini kinarudi na ukoo. Si kila mgombea huacha jina namna hii.

Mwalimu Mkuu aliniita. Nguo zake zilikuwa bado zinanuka chai. Aliniambia, kwa upole wa mtu anayehesabu moyoni, kwamba mimi ni Kiranja wa Mazingira na haya ni mazingira. Nimeahidi kulishughulikia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelishughulikia. Nimependezwa mno na nafsi yangu.

Shuleni kwetu wanaochelewa huadhibiwa kwa kazi ya bustani. Kwa mvua hizi wachelewaji ni wengi kuliko waliowahi, hivyo nilikuwa na jeshi. Nikawapa mapanga. Amri: mmea wowote wa kiranja ukatwe vipande vidogo iwezekanavyo, maana kitu kilichokatwa vipande vidogo kimekufa zaidi. Wakakatakata hadi mikono ikawa kijani. Vipande vyote tukavimwaga kwenye shimo la mboji, tukachanganya na mboji iliyoiva, na hiyo mboji tukaisambaza kwenye matuta yote ya shule. Taka imekuwa chakula cha bustani. Hakuna kilichopotea. Kilichozidi tukakisukuma kwa toroli, tukakitupa nyuma ya ukuta, kwenye mteremko usio na kazi.

Nilimwuliza mtunza bustani kama ni sawa. Alisema naam.

Kamusi alikuja kunisihi. Alisema kila kipande kitaota, akaniomba nisubiri wiki moja tu, nimwache ajaribu kipande kimoja kwenye sahani. Kwenye sahani. Watu wengine wanaongoza, wengine wanapakua. Nikamwambia tuta lake litahudumiwa kama mengine, bila upendeleo. Akasimama mbele ya tuta lake amepanua mikono kama kipa. Mboji ikapita juu yake kidogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Kila tuta la shule limeota kiranja. Yaani kila tuta. Wachelewaji wangu wamekuwa wakulima hodari kuliko wote wa wilaya.

Nimefikiri sana kuhusu chanzo, na nimegundua kosa: hawakukata vipande vidogo vya kutosha. Uzembe wa vijana wa siku hizi.

Kamusi hafanyi kazi nyingine sasa. Wakati wa mapumziko anapiga magoti tutani kwake, anang'oa kimoja kimoja kwa vidole, hata vile vidogo kama punje, anavitia kwenye gunia na kulifunga mdomo. Halafu analiacha gunia juani, juu ya saruji. Nilimuuliza kwa nini anaviotesha jua vitu vilivyokufa. Akasema, "Dada, hivi havijafa, vinapumzika." Ana mzaha wake, kumbe. Ila wa kutisha.

Nimebadilisha habari hii ikawa nzuri. Nimemwambia Mama kwamba kufikia Siku ya Wazazi bustani yote itakuwa inachanua. Amesema ameshaomba ruhusa kazini ya kuondoka mapema, na dobi ameguna, lakini kwa kukubali.

Jumamosi, 10 Mei

Mbuzi wa Mama Mdogo anaumwa.

Naeleza. Mama Mdogo, mdogo wake Mama, anaishi nyuma ya ukuta wa shule. Ule mteremko usio na kazi, kumbe una kazi. Ndipo anapomfunga mbuzi wake. Na mbuzi huyo hukamuliwa kila asubuhi, maziwa yake hunywewa na watoto pacha wa Mama Mdogo ambao bado hawana meno ya kutosha kugombana.

Jana jioni mbuzi alikula kiranja. Leo alfajiri miguu ilimwisha nguvu, akalala ubavu, macho yamemtoka kama anayesikiliza habari mbaya. Kaka alinipakia kwenye baiskeli nyuma, tukaenda. Tulimkuta daktari wa mifugo amepiga magoti, akimnywesha maji ya mkaa kwa chupa. Daktari aliokota jani lililotafunwa nusu, akauliza hili limetoka wapi. Kaka alinitazama. Mama Mdogo alitazama ukuta, kisha akanitazama na yeye.

Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, si ndilo lile ulilosema hata wadudu wanaliheshimu?"

Daktari akasema wadudu wana akili. Lina sumu ya moyo. Mbuzi, ng'ombe, wote. Maziwa yasinywewe mpaka atakapoelekeza.

Nataka iandikwe kwamba mbuzi huyu ana historia ya tamaa. Ameshakula kanga, ameshakula nusu ya godoro na kona ya mwaliko wa harusi. Si mnyama wa kuaminiwa na bustani.

Lakini nilibaki. Nilikaa ndani ya zizi mpaka jioni, nikimshikilia kichwa ili anywe, mkaa ukanijaa mapajani. Kila alipohema kwa kukwama nilihema naye. Mmoja wa pacha alitambaa akaja, akavuta sikio la mbuzi, akalia alipoona halivutiki kama siku zote. Hapo niliiacha historia ya mbuzi.

Jumatatu, 12 Mei

Amesimama. Amekula majani makavu, kisha akajaribu kula kitabu changu cha hesabu, kwa hiyo amepona kabisa.

Mambo mengine hayajasimama. Mama Mdogo alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu alimwita Kamusi, na Kamusi alikuja na kitabu kinene kutoka maktaba ya mji, kidole kikiwa tayari ndani ya ukurasa. Picha ilikuwa ya ua langu. Lilipendeza sana kitabuni. Maneno yaliyozunguka picha hayakuwa mazuri. Huletwa kama pambo, husema kitabu, kisha huruka uzio, huua malisho, na haliondoki.

Mwalimu wa Sayansi alisoma, akasema kwamba ndivyo alivyokuwa akihisi tangu mwanzo. Mche wake wa dirishani ulikuwa umeshafika kwenye feni.

Nimenyang'anywa beji. Mwalimu Mkuu aliitoa mwenyewe, pini ikamchoma, akanitazama kana kwamba na hiyo nimeipanda mimi. Akampa Kamusi. Sasa nilitarajia tabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kulidharau. Kamusi akairudisha mezani. Alisema beji haing'oi kitu, yeye anaomba magunia na glavu. Mwalimu Mkuu akaifungia kwenye droo, akasema kura zitarudiwa muhula ujao.

Kisha akanipa hukumu yangu mbele ya wote: nisipande kitu chochote kwenye udongo wa shule hii mpaka nitakapomaliza masomo.

Nyumbani nilimweleza Mama. Nilieleza yote isipokuwa lile la viti, maana hilo alilifahamu kabla sijafungua mdomo. Alikuwa anakula. Akaendelea kula. Akasema amezoea kusimama, miguu yake inalijua hilo kuliko mimi. Kisha akaenda kwenye kalenda, nikadhani anakwenda kufuta duara. Alilitazama tu, akarudi kumalizia chakula.

Ijumaa, 23 Mei

Nina mpango wa kuokoa kiti kimoja. Kimoja tu.

Wa kwanza: nilimwomba dereva wa mkuu wa polisi jamii, ambaye mwanawe ni kiranja wa michezo, ampishe Mama kwenye kiti chake, kwa kuwa yeye hukaa kutwa garini. Alisema hoja yangu ni nzito, ila mgongo wake ni mzito zaidi.

Wa pili: nimebeba kiti chetu cha jikoni hadi shuleni, nikakichanganya na vile vya turubai. Mtunza bustani akakiona, kina mguu mmoja wa rangi nyingine. Nikamwuliza kama kinaweza kubaki. Alisema naam. Nilipogeuka alikuwa amekibeba, anakipeleka stoo. Huo ndio ukweli kuhusu naam.

Wa tatu: kuomba radhi kwa Mwalimu Mkuu kwa maandishi. Niliandika kurasa nyingi, za kwanza zikimhusu mbuzi. Amenirudishia akiwa amesahihisha alama za uandishi.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya Wazazi. Nitaandika polepole.

Tulipofika asubuhi, uwanja wa turubai haukuwapo. Yaani ulikuwapo, ila ulikuwa kiranja mtupu. Mvua ya usiku imekiamsha chote. Nguzo za turubai zimezungukwa, miguu ya viti imezama, na kengele za rangi ya machungwa zinaning'inia hadi kwenye meza ya mgeni rasmi. Kusema kweli kulipendeza.

Mwalimu Mkuu alishika kipaza sauti. Nilifikiri atasema hotuba. Akasema kwamba leo hakuna hotuba, hakuna nyimbo, na hakuna atakayeketi, kwa sababu kila mzazi hapa ana kiranja nyumbani, awe wa kwake au wa huyu. Akaninyooshea kidole. Kicheko kilichofuata sitakielezea, ingawa niliapa. Kisha akamwita Kamusi, na Kamusi akawafundisha wazazi wote jinsi ya kung'oa: kwa mkono, toka mzizini, kila kitoto kilichodondoka kiokotwe, gunia lifungwe. Hakukosea hata neno. Ilikuwa ile hotuba yake ya udongo, ila mara hii watu waliinama kuisikiliza.

Mkuu wa wazazi wa viranja, mwanamke mwenye kofia, aliuliza kama walio mbele nao wanahusika. Kamusi akamjibu, "Mama, hasa walio mbele. Mmekalia vingi."

Mama alifika katikati ya kazi, amechelewa kama kawaida. Akatazama mabenchi matupu. Akatazama viti vyenye mito, vitupu. Watu wazima wote wa mji wamepiga magoti kwenye matope. Akaniuliza kama ni sala. Nikamweleza. Akavua viatu, akachukua mstari wake.

Sikujua mama yangu ni nani mpaka leo. Wenzake waling'oa na kulalamika mgongo, wakasimama kujinyoosha, wakasimuliana. Mama alikwenda kama pasi. Anabana shina kwa vidole viwili, anainua bila kutikisa, na hakuna kitoto hata kimoja kinachodondoka, kwa sababu amezoea kuinua hariri za watu zisikunjike. Alimaliza mstari wake. Akamaliza wa mwanamke mwenye kofia. Akamaliza wangu, akinipita tu kwa kiwiko. Kamusi alisimama nyuma yake akiangalia mikono ile, ameacha kinywa wazi, na kitabu hakipo.

Mwishoni Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba kabla gunia halijaondoka lazima likaguliwe na mtu mwenye jicho. Akachukua kiti cha mbele kabisa, kile cha mgeni rasmi, akapangusa mto kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwambia Mama aketi hapo.

Mama akaketi.

Alikaa mpaka jua likaegemea. Aliinyoosha miguu, yote miwili, akaipishanisha. Wazazi wa viranja walipanga foleni na magunia yao, na yeye akafungua, akatazama, akatikisa kichwa, akawarudisha wakafunge upya. Mwenye kofia alirudishwa mara tatu. Nilikwenda kumuuliza mto ni wa nini. Akasema wa sponji, lakini wa ile nzuri.

Nikaenda nyuma ya madarasa nikalia kidogo. Kamusi alinifuata, akanipa glavu ya kujifutia. Ilikuwa na matope. Nilijifuta nayo hata hivyo.

Jumapili, 8 Juni

Nimekuwa na wiki nzima ya kutafakari, kwa kuwa kila jioni nang'oa kiranja mteremkoni kwa Mama Mdogo na mbuzi ananisimamia. Kamusi huja pia. Hatuzungumzi sana. Huniambia tu nilipoacha kimoja, na huwa nimeacha.

Nimezipima hoja zote kwa haki, kama tulivyofundishwa kwenye insha. Je, Mama ameketi kwenye kiti chenye mto? Ameketi. Je, angeketi pasipo ua langu? Asingeketi. Bila ua hakuna kung'oa, bila kung'oa hakuna kukagua, bila kukagua hakuna kiti. Watu wanauita mpango wangu maafa kwa sababu hawajui kufuata hoja hadi mwisho.

Kilichobaki ni kwamba kile kiti alikipata kwa siku moja. Nataka kiwe chake cha kudumu. Kura zinarudiwa muhula ujao, na Mwalimu Mkuu amenikataza kupanda kwenye udongo. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi. Alisema udongo.

Shule yetu ina bwawa. Si kubwa, lakini mabomba yote ya bustani yanaanzia hapo, na Mama Mdogo huchota hapo maji ya mbuzi. Limekaa tupu, maji matupu, halipendezi hata kidogo. Na jana Shangazi ameniandikia kutoka hotelini. Anasema kwenye kidimbwi cha mapokezi kuna ua jipya linaloelea juu ya maji, la zambarau, zuri kupita lile la kwanza, wala halihitaji udongo. Mtunza bustani amemwambia achukue ndoo nzima, na amejitolea kuibeba mwenyewe.

Kamusi sijamwambia. Atataka sahani.

Nimeshamjibu. Nanakili barua yangu hapa, kwa sababu ya kiapo.

Shangazi mpendwa, shikamoo. Sisi hatujambo, Mama anakusalimu, mbuzi pia hajambo. Nimefurahi mno kusikia habari za ua linaloelea. Naomba ndoo moja, au mbili kama huyo bwana haoni taabu. Tafadhali nijibu kwa basi la kesho, maana muhula unakaribia na nataka kupanga vizuri: likishaingia bwawani, litachukua muda gani kufunika maji yote?